Hotipoti Hairudi Tupu

Jumatatu, 6 Mei

Mke wangu kasafiri na dada yake. Semina ya wiki nzima. Kaniachia agizo moja: jikoni nisiguse kitu isipokuwa birika. Imeniuma. Mwanamume mzima, muuza magodoro mwenye uzoefu, napewa birika!

Jioni mama mkwe kaja na chakula. Anatulisha waume wawili tulioachwa: mimi, na mume wa huyo shemeji yangu, ambaye ni fundi bomba na mtaa mzima unamwita Bomba. Mama ana hotipoti tatu za maua mekundu, seti moja, zawadi ya marehemu baba mkwe. Kubwa hukaa kwake. Mimi kanipa ndogo. Nikachungulia dirishani (nina haki, dirisha ni langu) nikamwona anaelekea nyumba ya pili, kwa Bomba, kabeba ya kati.

Si ukubwa ulioniuma. Ni maneno. Mimi kaniambia, "Haya bwana, chakula hicho." Bomba kamwambia, nimesikia kwa masikio yangu haya, "Mwanangu, kula kikiwa moto."

Mwanangu! Mwaka wa sita huu nimemwoa binti yake, bado mimi ni bwana. Au "huyu" tu. Siku moja mbele ya wageni nilikuwa "yule wa magodoro". Bomba kaziba sinki lililokuwa likivuja, basi kazaliwa upya.

Nimeapa. Mke wangu akirudi atanikuta naitwa mwanangu.

Chakula kilikuwa kitamu mno. Nimekula chote kwa hasira, nikaosha hotipoti, nikaiweka mahali pake.

Jumanne, 7 Mei

Nimepata njia!

Hotipoti hairudi tupu. Hilo halina mjadala, hata mtoto anajua: ukiletewa chombo na kitu, unakirudisha na kitu. Mama kapita leo asubuhi, na Bomba karudisha ya kwake. Kaweka nini? Ndizi. Ndizi mbivu, na maganda yake! Mama kashukuru mpaka kanishangaza. Mwanangu hapa, mwanangu pale. Sasa kama ndizi zinaleta mwanangu, kitu kilichopikwa kwa mkono wangu kitaleta nini?

Ya kwangu kasema anaitaka Jumapili. Kikundi chake cha akina mama kinakuja na seti nzima itakuwa mezani.

Kazini nimemwendea keshia. Keshia wetu ni mama mtu mzima, anajua kila kitu. Nimemweleza shida: mama mkwe na maziwa hawapatani kabisa. Akinywa kikombe, tumbo lake linanguruma mpaka majirani wanaanua nguo. Siagi vilevile. Krimu usiseme. Anachopenda duniani ni mdalasini. Anautia hata kwenye maji ya kunywa.

Keshia kasema basi dawa ni pai ya mdalasini isiyo na maziwa. Ganda ni unga wa ngano, mafuta, chumvi kidogo na maji baridi. Ndani ni tui zito la nazi, sukari, mdalasini wa unga, na unga laini wa mahindi wa kushikisha, vikorogwe motoni mpaka viwe vizito. Kaniuliza kama nimewahi kupika. Nikamjibu kwamba kupika ni kama kuuza godoro, ni kujiamini tu.

Kisha kasema nishike mambo mawili: unga ukishakandwa upumzike mahali pa baridi, na oveni niiwashe mapema ipate moto kwanza.

Nimeyashika. Nina kichwa kizuri.

Jumatano, 8 Mei

Kimenuka. Nasema kweli, kimenuka nyumba nzima.

Nilirudi mapema. Nikawasha oveni ipate moto kwanza, kama nilivyoagizwa. Nikaanza kukanda. Unga ukanipanda mpaka kwenye kiwiko, lakini nilikuwa nakanda vizuri, naimba kabisa. Nikasikia harufu. Nikamlaani jirani anayechoma taka saa hizi. Nikaendelea kuimba.

Hapa lazima nieleze jambo. Oveni yetu haijawahi kuoka kitu. Tangu inunuliwe ni kabati. Ndimo yanamokaa makaango, sufuria, na ile mifuniko ambayo sufuria zake zilishakufa. Si sisi tu, nyumba zote ninazozijua ni hivyohivyo. Kwa hiyo Jumatatu, niliposema nimeiweka hotipoti mahali pake, mahali pake ni humo.

Niliposikia moshi unaingia machoni, nikafungua.

Makaango hayajambo. Hotipoti ya mama, zawadi ya marehemu, ilikuwa imelala kifudifudi kama mtu aliyekata tamaa. Plastiki imetiririka hadi chini. Mfuniko umeungana na kaango. Maua yote yamekwenda isipokuwa moja, jekundu, zima kabisa, linanitazama. Kilichosalimika kingine ni lile bakuli la chuma la ndani.

Kabla sijapata hata nafasi ya kulia, nani kaingia? Bomba, na mfuko wake wa spana, mbio mbio, kauona moshi. Kazima oveni. Kafungua madirisha. Kakwangua plastiki kwenye vyuma kwa ustadi wa kuudhi. Hakuombwa! Kisha kaniuliza hiki ni nini, shemeji. Nikamwambia ni kizuizi cha mlango. Kauliza mbona kina ua. Nikamwambia vya kisasa viko hivyo.

Kisha kaniwekea mkono begani, kasema nisiwe na wasiwasi, hatamwambia mtu.

Mjanja huyo! Mtu akikwambia hatasema, ujue ameshaanza kupanga maneno.

Alhamisi, 9 Mei

Unga haujapumzika bado. Nyumba ina joto la oveni na harufu ya dhambi. Keshia alisema mahali pa baridi. Mahali pa baridi ninapopajua mimi ni pamoja tu: dukani kwetu, kwenye kiyoyozi, kule mbele wanakokaa wateja wa maana.

Nikaubeba. Nimeufunga ndani ya mfuko wa nailoni, donge kubwa, laini, la kupendeza. Sasa kupumzika, mimi nauza mapumziko miaka yote hii. Nitauweka mezani kama mzigo wa sokoni? Nikaulaza kwenye godoro letu la bei ya juu kuliko yote, katikati, chini ya shuka. Nikaupapasa. Nikauacha ulale.

Saa ya chai kaingia mwalimu mkuu mstaafu mwenye ugonjwa wa kiuno. Nilikuwa nyuma, naosha kikombe. Niliporudi, mzee keshavua viatu, kalala chali. Kiuno chake hasa kiko juu ya unga wangu! Macho kafumba. Nikafikiri kafa. Kumbe raha. Kasema kwa sauti ya mtu anayesali kwamba katika maisha yake yote ya kusimama ubaoni hakuna godoro lililowahi kumshika kiuno namna hii.

Nikamwambia ghalani yapo mengine mapya, bado yana karatasi zake. Kakataa. Anataka hilihili. Nikamwambia hili la maonyesho limelaliwa na watu wengi. Kasema basi ndiyo sababu. Bosi kasikia, kaja mbio, na vijana wa kupakia wakaja nyuma yake. Wakalivika mfuko wake pamoja na shuka, wakalitia kwenye pikapu. Nimeikimbiza hiyo pikapu mpaka kwenye taa za barabarani, keshia ananitazama mlangoni kashika kiuno.

Bosi hajaona muuzaji kama mimi, mtu anayemsindikiza mteja kwa mbio. Kanipiga begani, kaniita mwanangu.

Neno lilelile. Mdomo sio ule.

Ijumaa, 10 Mei

Mapumziko ya mchana nimezunguka maduka yote ya vyombo kutafuta hotipoti ya maua mekundu. Muuza duka mmoja kacheka, kasema aina hiyo hata waliokuwa wakiitengeneza wameshaisahau. Kanipa ya bluu yenye ndege. Nimeikataa. Huwezi kumpelekea mama ndege badala ya maua akadhani ni uzee wa macho.

Basi, kwa kuwa siwezi kupata hotipoti, itabidi nipate mkosaji. Nimempigia mama mkwe simu. Sikusema uongo mkubwa. Nilishusha pumzi tu, nikasema hii oveni yetu, tangu Bomba alipoishika, haieleweki. Nikaacha hapo. Ni mbegu tu, itaota yenyewe.

Kisha nikamwambia hotipoti itarudi Jumapili na kitu cha kumshangaza. Kaniuliza kitu gani tena hicho, bwana. Nikasema ni siri. Kasema hakuna haja ya kujisumbua, hotipoti yenyewe yamtosha. Kijasho chembamba kikanitoka mpaka simu ikateleza.

Mwalimu mkuu naye kapiga simu dukani. Godoro jana lilikuwa na ulaini mahali pake, leo pamekuwa pagumu na panapasuka. Bosi kaniuliza maoni ya kitaalamu. Nikasema linazoea mwili wa mteja. Keshia kainama chini ya kaunta, mabega yanamtikisika.

Nimekanda unga mpya. Huu nimeulaza sakafuni bafuni, nikafunga mlango kwa ufunguo.

Jumamosi, 11 Mei

Leo nimeoka.

Oveni nimeikagua kwanza, nikatoa kila kitu. Mtu hafanyi kosa lilelile mara mbili! Mdalasini sikuupata wa unga, nilikuwa na vijiti. Nimevitia kwenye soksi safi nikavitwanga kwa nyundo. Sukari keshia alisema kikombe. Nimetia viwili, na kidogo cha upendo. Tui limechemka, likavimba, likawa zito mpaka mwiko ukasimama wenyewe bila kushikwa. Nikajua hapo nimefika.

Chombo cha kuokea je? Hapa ndipo akili inapoonekana. Lile bakuli la chuma lililosalimika! Nikalitandaza ganda ndani yake, nikamwaga uji wangu, nikaingiza motoni.

Ilipotoka nilikaa chini, kwenye sakafu ya jikoni, nikaiangalia. Imefura katikati, kahawia, inanukia mdalasini tupu. Nilifurahi. Sijui kama nimewahi kutengeneza kitu kwa mikono yangu kikatoka kinafanana na kilivyokusudiwa. Nikawaza uso wa mama. Macho yakanilenga machozi, ingawa huenda ni moshi wa Jumatano uliobaki.

Nimeonja kingo. Ngumu kama kigae. Lakini nani anakula kingo?

Limebaki suala la nje ya hotipoti. Nimechukua taulo jekundu la bafuni, nikalizungushia bakuli mara kadhaa mpaka likapata unene wa hotipoti. Lile ua lililosalimika nimelikata kwa kisu cha mkate, nikalibana mbele kwa pini. Ukisimama mbali na kufumba jicho moja, huoni tofauti hata kidogo.

Nimerudisha makaango ndani ya oveni, kila kitu mahali pake. Jiko linang'aa. Mke wangu hatajua lolote.

Jumapili, 12 Mei

Sijui nianzie wapi. Nianzie mezani.

Akina mama wamejaa sebuleni, wamevaa wakavaa. Hotipoti kubwa iko mezani, ya kati ipo, na pengo katikati yao, kwa ajili ya yangu. Bomba naye yupo! Kaitwa kutengeneza koki, na mfuko wake wa spana uko mlangoni. Nikaingia na taulo langu. Nikaliweka kwenye pengo. Mama mmoja kaniuliza kama natoka kuoga.

Nikasema hayo ni mambo ya kisasa, chombo kinavaa nguo ili chakula kisipoe. Kisha haraka haraka, kabla ya maswali, nikatangaza: pai ya mdalasini, haina maziwa, haina siagi, haina krimu, ni kwa ajili ya mama peke yake, nimeoka mimi. Mama kanitazama kama mtu aliyesikia paka akihesabu. Kaniuliza kama ni kweli hakuna maziwa. Nikaapa. Kakata kipande, kwa shida kidogo, akakiingiza mdomoni.

Kakitafuna. Uso ukalainika. Kasema, mdalasini huu! Nikamtazama Bomba. Nikamtazama kwa nguvu.

Kisha taya likasimama. Mama kajaribu kufungua mdomo, haufunguki. Kajaribu tena. Ile sukari, vikombe viwili na upendo, imeshika kama gundi ya viatu. Kavuta kile kipande kwa mikono miwili. Kikatoka. Na meno yakatoka nacho, safu nzima ya juu, yamesimama ndani ya pai yanacheka.

Nilikuwa sijui kwamba yale meno ni ya kuvaa. Mwaka wa sita! Hakuna anayeniambia kitu katika familia hii.

Akina mama wakageuka ukutani kwa heshima, mabega yanawacheza. Bomba kaenda mlangoni kwenye mfuko wake. Kaleta koleo yake ndogo, kayatoa meno polepole, kayaosha, kamkabidhi mama ndani ya leso safi. Mwanangu, kasema mama akiwa bado hana meno, na hata hivyo ilisikika vizuri kabisa.

Alipokwisha kuyavaa akafungua pini. Akalifungua taulo, mzunguko mmoja baada ya mwingine. Likabaki bakuli la chuma, na ua mkononi mwake. Akauliza taratibu, "Hotipoti yangu, nguo zake ziko wapi?"

Nilikuwa na jibu tayari. Mbegu niliipanda Ijumaa. Nikafungua mdomo niseme Bomba. Lakini Bomba kanitangulia! Kasimama, kasema ni yeye, mama amsamehe, yeye ndiye aliyeishika ile oveni, kosa ni lake.

Mama akatikisa kichwa. Kasema wakweli kama mwanangu huyu siku hizi ni wachache. Akina mama wakapiga makofi. Makofi!

Jamani. Damu ilinichemka. Kosa ni langu, nimelifanya mwenyewe, jikoni kwangu, kwa moto wangu, na mtu analichukua mbele ya macho yangu na kupigiwa makofi! Nikasimama nikasema huyu ni mwongo. Hotipoti nimeiyeyusha mimi! Bomba kasema, kwa upole wake ule, shemeji anamtetea tu. Akina mama wakaanza kusema jinsi wakwe hawa wanavyopendana. Nikapiga kelele kwamba hatupendani hata kidogo! Nikaeleza yote: oveni, kabati, moshi, kizuizi cha mlango. Nikasema hata ile simu ya Ijumaa ilikuwa uongo, na uongo wenyewe ni wangu, nilitaka kumbandikia Bomba, asije akadai na huo.

Nilipomaliza nikamgeukia mama. Mama alikuwa ameshika bakuli mapajani, kidole gumba juu ya ua. Nikaona macho yake yana maji. Hapo ndipo roho iliponiuma kweli. Si kwa ajili ya mwanangu. Kwa ajili ya hotipoti tu, na yule mzee aliyeinunua.

Akasema seti hii haikuwa ya hotipoti tatu. Zilikuwa nne. Ya nne marehemu aliiweka juu ya jiko la mkaa, mwaka waliooana, akitaka kumpashia mama chakula atakaporudi kutoka kujifungua. Ikayeyuka yote. Mzee kaificha chini ya kitanda, kamwambia imeibwa. Kakaa na mwizi huyo wa kubuni mpaka watoto wakaanza shule. Mama akacheka, na machozi yakamtoka pamoja na kicheko.

Kisha akanishika mkono. Mbele ya wote. Mbele ya Bomba! Akasema, "Mwanangu, nakuomba, usipike tena."

Mwanangu!

Maneno mengine yaliyofuata sikuyashika vizuri, masikio yalikuwa yanavuma.

Jumatatu, 13 Mei

Mke wangu karudi. Nimemwambia mlangoni kabla hajatua begi: mama ananiita mwanangu. Hakuamini. Kampigia mama simu. Wamezungumza muda mrefu, yeye akishika ukuta kwa kucheka, wivu bila shaka. Kisha kaniuliza taulo la bafuni kwa nini lina mdalasini. Nikamwambia ni hadithi ndefu. Sasa hivi kaenda kulala, safari imemchosha.

Nimefikiri sana. Neno la mama nimelipata, lakini neno likipatikana lazima litunzwe. Bomba hatalala. Leo asubuhi nimemwona anapita na ndizi nyingine.

Kwa hiyo nimerudi kwa yule muuza duka, nimenunua hotipoti ya bluu, ya ndege, nimpelekee mama badala ya ile. Ni nzuri sana. Ila hotipoti haipelekwi tupu, hilo halina mjadala. Mama kasema nisipike, najua, lakini huko ni kunionea huruma tu nisichoke. Alisema mwenyewe, mdalasini huu! Safari hii nitatia vikombe vitatu vya sukari, maana viwili vilimganda vizuri.

Unga umeshalala bafuni. Hotipoti mpya nimeificha nilipofika tu, Bomba asije akaichungulia dirishani, mke wangu asije akaniuliza. Nimeisukuma ndani kabisa, nyuma ya makaango. Hapo hakuna anayeangalia kamwe.

Na nimeshawasha oveni, ipate moto kwanza. Nina kichwa kizuri.

Nasikia harufu kidogo. Yule jirani na taka zake tena! Leo nitamwambia ukweli.